Sauti Iliyoandikwa na Sauti Iliyosikika: Nanga ya Karagwe na Muziki wa Michezo ya Kompyuta

Katika makala haya nakusudia kueleza habari za kazi ambayo wasomaji wa jarida hili huenda wakaiona ngeni katika kurasa zake, nayo ni kazi ya kurekodi muziki wa michezo ya zamani ya kompyuta kwa mitambo ileile iliyokusudiwa kuupiga. Sikuileta hapa kwa mapenzi ya michezo, kwani sikuwahi kuwa hodari wa mchezo hata mmoja. Nimeileta kwa kuwa inaligusa swali ambalo sisi tushughulikao na lugha na fasihi simulizi tumelizunguka tangu zamani: tunapoandika kilichosemwa au kilichoimbwa, ni kitu gani hasa tulichokihifadhi? Nitaanza Karagwe, nitakwenda mbali kidogo, kisha nitarudi Kyerwa, wilaya iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ambako swali hili lilinikuta katika chumba cha kwaya.

Mwezi wa Novemba 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, J. H. Speke na J. A. Grant, waliingia Karagwe wakapokewa kwa ukarimu na Omukama Rumanyika. Speke aliondoka mwezi wa Januari 1862 kwenda Buganda. Grant alibaki hata mwezi wa Aprili, mguu wake ukimwuma asiweze kutembea. Mtu aliyelazwa hana kazi ila kutazama na kusikiliza, na Grant alijua kufanya yote mawili. Aliomba aletewe mpiga nanga, na mmoja wa nduguze Rumanyika akampelekea yule aliyemjua kuwa bora. Mtu huyo aliingia bila kubisha, akauegemeza mkuki wake, akaitoa nanga kwapani, akaanza kupiga na kuimba. Wimbo ulimhusu mbwa aliyependwa. Grant aeleza kuwa watu walikusanyika kusikiliza, na kwamba kwa siku kadha baadaye wapagazi wa msafara waliuimba wimbo ule wa mbwa.

Alikieleza chombo chenyewe kwa uangalifu: ubao mzito mweusi uliochongwa mfano wa sinia, na uzi uliopitishwa mara saba au nane juu ya ncha zake mbili, na pengine kibuyu kimefungwa mgongoni ili kukuza sauti. Alizipima hata nyuzi kwa sikio. Katika nanga moja aliona nyuzi sita zikilingana sawasawa na ngazi ya sauti aliyoizoea kwao, ila ya saba ina kasoro. Mimi nasema kasoro hiyo ilikuwa katika sikio la Grant, wala haikuwa katika uzi. Mpiga nanga hakuukaza vibaya uzi mmoja kati ya saba mbele ya mgeni wa mfalme. Aliukaza alivyotaka.

Leo twajua ubao ulivyokuwa, twajua hesabu ya nyuzi, twajua wimbo ulihusu nini. Sauti ya wimbo hatuna. Edison alitengeneza mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877, miaka kumi na mitano baadaye. Mwaka 1907 Jan Czekanowski alifika Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, na mashine ya namna hiyo, na sauti alizozinasa katika nta zikapelekwa Berlin. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na gari la kurekodia, na miongoni mwa alivyovinasa zimo nyimbo za Wahaya. Mwaka 1986 M. M. Mulokozi, mtu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, alikamilisha tasnifu yake ya udaktari juu ya tenzi za nanga za Wahaya. Kila mmoja wa hawa alihifadhi kitu, wala hakuna wawili waliohifadhi kitu kimoja.

Sasa na tuvuke bahari. Mwaka 1981 Dave Smith, fundi Mmarekani wa vinanda vya umeme, alitoa pendekezo kwamba vinanda vya viwanda mbalimbali viwe na lugha moja ya kuambizana. Ikutaro Kakehashi, mwasisi wa kampuni ya Roland ya Japani, alikuwa na nia hiyohiyo. Januari 1983, katika maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, kinanda cha kampuni ya Smith na kinanda cha Roland viliunganishwa kwa waya. Kimoja kilipobonyezwa, cha pili kikaitika. Agosti mwaka uleule kanuni zikachapishwa kwa jina la MIDI.

Ni muhimu kufahamu waya ule unapitisha nini. Haupitishi sauti hata chembe. Unapitisha maagizo, na kila agizo la kupiga noti lina sehemu tatu tu: njia gani kati ya kumi na sita, noti gani kati ya 128, na kwa nguvu gani. Agizo lasema, kwa mfano, noti ya 60 ianze kulia katika njia ya kwanza kwa nguvu ya 100. Baadaye agizo jingine lasema noti ile inyamaze. Namna noti itakavyolia, iwe kama filimbi au kama kengele, ni juu ya kinanda kinachoagizwa. Basi MIDI ni mwandiko; kinanda ndicho msomaji.

Mwandiko wowote huacha kitu nje. Kinyambo, lugha ya Karagwe na Kyerwa, huandikwa kwa herufi zilezile tuandikiazo Kiswahili, na mwandiko huo hauonyeshi toni. Lakini toni ipo, nayo ina sheria zake, kama alivyoonyesha Lee Bickmore katika tasnifu yake ya mwaka 1989. Neno abakózi likisimama peke yake lina toni ya juu. Likifuatwa na kitenzi katika kirai kimoja, abakozi bákajúna, toni ile hutoweka. Tia sifa katikati, abakozi bakúru bákajúna, na neno bakúru huishika toni yake, kwa sababu mpaka wa kirai umehama. Haya yote Mnyambo huyafanya bila kufikiri. Mpe ukurasa usio na alama naye atausoma sawasawa, kwa kuwa toni zimo ndani yake. Mpe mgeni ukurasa uleule naye atatoa sauti, na herufi zote zitakuwa sahihi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa muziki wa michezo ya kompyuta. Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 hazikuwa na nafasi ya kuhifadhi sauti zilizorekodiwa. Wimbo mmoja ungalijaza disketi kadha. Maagizo, kinyume chake, hula nafasi ndogo sana. Kwa hiyo mtunzi alitia maagizo katika mchezo, na sauti ikatoka katika chombo alichokuwa nacho mchezaji. Mwaka 1987 vilitoka viwili vya namna mbili. Kimoja kilikuwa kadi ya AdLib, yenye chipu ya Yamaha iliyoweza kutoa sauti tisa kwa pamoja, rahisi kwa bei na kavu kwa mlio. Cha pili kilikuwa kisanduku cha Roland kiitwacho MT-32, kilichounganisha mwanzo wa sauti ya chombo halisi na mwendelezo uliotengenezwa kwa umeme. Ilikuwa hila ya werevu, kwani sikio hukitambua chombo kwa sehemu ndogo ya kwanza ya mlio wake, kama vile tutambuavyo konsonanti kwa namna inavyoingia katika irabu. Mwaka 1988 kampuni ya Sierra ya Marekani ilitoa mchezo wa King's Quest IV, nayo ilimwajiri William Goldstein, mtunzi wa muziki wa filamu na televisheni, autungie muziki. Kampuni hiyo iliwauzia wachezaji wake MT-32 kwa dola 550, fedha nyingi kwa ajili ya kusikia vizuri.

Tena michezo hiyo haikuridhika na sauti zilizomo kisandukuni. Mchezo ulipofunguliwa ulikitumia kisanduku maagizo ya kuunda ala mpya zisizokuwamo. Ukipeleka maagizo hayo kwa chombo kingine, hakielewi, na zeze laweza kulia kama tarumbeta.

Mwaka 1991 wenye viwanda walikubaliana juu ya orodha moja ya sauti 128, kila moja na namba yake, na mwaka huohuo Roland wakatoa SC-55, kisanduku kilichofuatwa na watunzi wengi wa michezo. Orodha hiyo yafaa isomwe na mtu wa lugha. Imo piano namba 1, na mengi yaliyobaki ni ya okestra ya Ulaya na bendi za Marekani. Maneno yaliyo wazi kuwa ya Kibantu ni mawili: marimba, namba 13, na kalimba, namba 109. Mzizi wa maneno hayo ni mmoja. Kilichotofautiana ni kiambishi, ma- na ka-. Lakini njia zao ni mbali. Marimba ilivuka Atlantiki pamoja na watumwa, ikakaa Amerika ya Kati, ikarudi duniani kama chombo cha okestra. Kalimba ni jina la bonde la Zambezi ambalo Hugh Tracey, yule yule wa mwaka 1950, alilichukua akalipa chombo alichoanza kukiunda na kukiuza Afrika ya Kusini katika miaka ya 1950, akakipatanisha na ngazi ya sauti ya Wazungu ili wanunuzi wa ng'ambo wasitaabike. Kwa hiyo mtu aliyezunguka nchi yetu akizinasa sauti kama zilivyo ndiye pia aliyelipeleka duniani neno la Kibantu likiwa na sauti iliyokwisha kunyoshwa. Simlaumu, mambo yote mawili aliyafanya kwa bidii ileile. Nanga haimo katika orodha, na hata ingalikuwamo, zile noti 128 zimepangwa kwa hatua sawa kumi na mbili za piano. Uzi wa saba wa Karagwe hauna namba.

Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari ng'ambo nilipoona kwa mara ya kwanza watu wakiirekodi michezo hii. Jirani yangu wa bweni alikuwa na kompyuta ya zamani kuliko masomo yake, na MT-32 aliyoinunua kwa mtu wa pili au wa tatu. Jumapili alasiri aliziunganisha kwa waya, akaanzisha mchezo, akaunasa mlio uliotoka katika kisanduku, sekunde kwa sekunde. Nilimwuliza kwa nini asitumie programu ya kuigiza kisanduku, maana zilikuwapo za bure. Alijibu kuwa anaitumia, tena ni nzuri, lakini mtu hawezi kujua kama mwigaji ameiga sawasawa asipokuwa na mwigwa wa kulinganishia. Jibu hilo lingaliweza kutolewa na mtaalamu yeyote wa fonetiki.

Kazi yenyewe ina taabu. Visanduku vya MT-32 vya kwanza vina akili nzito: vikipokea maagizo mengi kwa haraka hushindwa na kusimama. Watunzi wa programu za siku zile walilijua hilo, wakaweka mapumziko mafupi kati ya agizo na agizo. Viko pia visanduku vya baadaye vya jamii hiyo vyenye milio ya ziada, kama ya ndege na ya ngurumo, ambayo ile ya kwanza haina. Mchezo ulioandikiwa vya baadaye ukipigwa kwa cha kwanza, ngurumo hukosekana. Basi haitoshi kusema "nimerekodi kwa MT-32." Hapana budi kusema ipi. Sisi nasi haitoshi kusema "nimerekodi Kinyambo."

Hoja moja dhidi ya kazi hii ina uzito. Katika Monkey Island 2, mchezo wa mwaka 1991, Michael Land na Peter McConnell walitumia utaratibu walioubuni wenyewe, uitwao iMUSE, ambao kwao muziki hufuata matendo ya mchezaji. Akitoka chumba kimoja kuingia kingine, muziki haukatiki. Hungoja mahali panapofaa, ukavuka kwa daraja lililotungwa kwa ajili ya mahali hapo. Wachezaji wawili hawasikii wimbo mmoja. Basi anayerekodi amerekodi nini? Amerekodi safari yake. Wenzetu wa fasihi simulizi wanalifahamu jambo hili. Mpiga nanga hutazama waliokaa mbele yake, akarefusha hapa, akaruka pale. Kanda ya utenzi wa nanga ni kanda ya usiku mmoja. Sioni kuwa hoja hii yabatilisha kurekodi. Yatulazimisha kuandika ulikuwa usiku gani, na nani alikuwapo.

Nirudi Kyerwa. Miaka michache iliyopita nilikuwa huko nikikusanya maneno ya Kinyambo ya kilimo cha migomba, nikawa nakaa karibu na kanisa moja. Kwaya ya kanisa hilo ilikuwa na kinanda cha umeme chenye mdomo wa disketi. Mwalimu wao wa kwaya, mtu mwenye sikio la ajabu kama walivyonieleza, alikuwa ametunga nyimbo kumi na moja na kuzihifadhi ala zake katika disketi mbili kwa mwandiko wa MIDI. Mwalimu alifariki. Baada ya mwaka mmoja umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu mno, kinanda kikaungua. Waumini walichanga wakanunua kipya, kijana mmoja akazihamisha nyimbo kutoka disketi kwa kompyuta, wakazipiga. Noti zote zilikuwapo, mwendo ulikuwa uleule, wala hawakuweza kuimba.

Walinijia kwa sababu walisikia mimi ni mtu wa sauti. Nilisikiliza, na kosa la kwanza lilikuwa jepesi: mwalimu alitumia ala za kinanda chake zisizokuwamo katika zile 128, na kinanda kipya kilizisoma namba zake vingine. Nikamkumbuka jirani yangu wa bweni. Nikawaambia tutafute kinanda cha toleo lileile, nacho kilipatikana katika usharika mmoja upande wa Bukoba, kimewekwa stoo. Tulikileta, tukatia disketi. Ala zilikuwa zenyewe, baadhi ya wanakwaya wakalia. Lakini mama mmoja mwenye umri, aliyeimba sauti ya kwanza tangu kwaya ianze, alitikisa kichwa.

"Mwanangu," aliniambia, "hiki ni kinanda cha mwalimu, ila mwalimu hayumo."

Alikuwa na haki. Vinanda vya namna ile vina kitufe cha kushusha au kupandisha kila noti kidogo, kilichowekwa kwa ajili ya wapigaji wa muziki wa Kiarabu. Mwalimu alikuwa amekitumia kuzishusha noti fulani zikutane na koo za mama zile, ambao wengi wao walijifunza kuimba katika harusi na vilio kabla hawajaona kinanda. Mpangilio huo haukuandikwa katika disketi. Ulikaa katika kumbukumbu ya kinanda chenyewe, ukaungua nacho. Mwandiko wa MIDI ungaliweza kuubeba, kwa maana unayo njia ya kupinda noti kwa hatua 16,384, lakini hakuna aliyeiambia mashine iandike.

Kilichotuokoa ni kaseti. Mtu mmoja alikuwa amerekodi kwaya hiyo katika harusi, kwa redio ya kawaida, mwalimu akiwa kwenye kinanda. Kaseti ilikuwa na nyimbo nne tu kati ya kumi na moja, na kelele za watoto juu yake. Tulikaa siku mbili, kijana wa kompyuta na mimi, na yule mama kama mwamuzi, tukizishusha noti moja moja mpaka kinanda kikalingana na kaseti. Tulianza kwa kupima kwa mashine, kisha tukaacha, kwa sababu kaseti za zamani huenda mbio au polepole na hazifai kuwa rula. Tulilinganisha umbali wa noti na noti, na mama akakubali au akakataa. Noti tatu alizikataa mara nyingi. Ya mwisho kukubaliwa ilikuwa ya saba kutoka chini, na nakiri kuwa nilitabasamu.

Kisha tulirekodi nyimbo zote kumi na moja kutoka katika kinanda kile kabla ya kukirudisha, kwanza ala peke yake, halafu pamoja na kwaya. Katika wimbo wa sita asikika jogoo. Nakala moja iko kanisani, moja iko kwa kijana yule, moja ninayo mimi, na pamoja na kila nakala limo faili la maandishi lenye toleo la kinanda, namba za ala, kiasi kilichoshushwa katika kila noti, nyimbo nne zilizothibitishwa kwa kaseti, na nyimbo saba ambazo kwazo tulitegemea sikio la mama mmoja.